Mwenye Wimbo Yu Hai

London, 8 Oktoba 1961

Kwa dada yangu Eluned,

Kabla ya yote nawasalimu, na Baba namsalimu mara mbili, mara moja yeye na mara moja kifua chake. Bado anakohoa asubuhi, au ile dawa ya Mjomba Ifor imemsaidia? Mwambie asipande kile kilima kwenda kutazama njiwa wake, njiwa watamwelewa. Mimi huku ni mzima, isipokuwa miguu, maana katika mkahawa wa chai ninakofanya kazi hakuna kukaa. Na chumba changu kina baridi ambayo nyumbani hatukuijua. Huko makaa hayaishi, lakini mama mwenye nyumba wangu, Bi Ockenden, ukimwomba koleo la pili anakutazama kana kwamba umemwomba figo.

Sasa kaa kitako. Nimeitwa kwenye usaili! Si ule wa kupanga foleni barabarani na wasichana mia mbili. Nimeitwa kwa jina langu, kwa barua iliyopigwa chapa. Ni mchezo mpya wa nyimbo, hadithi ya nyumba ya wageni ufukweni, na wanamtafuta msichana wa kuigiza binti wa mwenye nyumba. Binti huyo anapendwa na nahodha, na ana nyimbo nne za kuimba peke yake. Nne, dada! Usaili ni tarehe 7 mwezi ujao.

Shida ni wimbo. Unaruhusiwa kwenda na mmoja tu. Bwana Pargeter, mwalimu wangu wa kuimba, anasema hapo ndipo wengi wanapojichimbia kaburi. "Wale watu wamekaa gizani tangu asubuhi," anasema, "wamesikia wimbo uleule wa redioni mara kumi na moja. Wa kumi na mbili hata akiwa malaika watamwona nzi. Tafuta wimbo ambao hakuna mtu ndani ya ukumbi ule aliyewahi kuusikia."

Nimewaza wiki nzima. Wimbo ambao London haijausikia, na ukisikika mara moja hautoki moyoni. Naujua mmoja tu. Dada, nisikilize kwanza, usirushe kikombe. Naomba Kisima cha Non.

Najua ni wako. Sikuombi unipe, naazima kwa asubuhi moja, kama unavyoazima mwavuli. Niandikie nota unitumie, maana maneno nayajua yote kwa kukusikiliza, lakini mpiga piano atataka karatasi.

Mdogo wako akupendaye,
Nesta


Cwmelyn, 13 Oktoba 1961

Mdogo wangu Nesta,

Salamu zimefika, na Baba nimempa zake zote mbili. Kifua ni kilekile. Ngazi anapanda kwa vituo, kama treni ya Jumapili. Njiwa bado anawaendea. Nimemkataza, ananijibu kwamba amechimba makaa chini ya kilima hicho maisha yake yote, hakiwezi kumshinda kwa juu. Mimi ni mzima. Asante kwa kutoniuliza.

Kuhusu ombi lako: sijafa.

Nimejitazama kwenye kioo asubuhi hii nihakikishe, na nipo. Sasa wewe unanirithi ningali na pumzi? Sheria ya nyumba yetu unaijua, umeikuta kama mimi nilivyoikuta, tangu enzi za bibi. Kila mtu na wimbo wake, na wimbo wa mtu hauimbwi na mwingine maadamu mwenyewe yu hai. Mjomba Ifor anauimba ule wake wa mlevi na lango vibaya tangu kabla ya vita, na hakuna aliyewahi kumsaidia hata ubeti. Mama alipokuwa hai, nani alikigusa Kisima? Nilingoja mpaka tukamzika. Na aliniachia kwa kinywa chake, kitandani, mbele yako. Wewe ulikuwa umekaa miguuni kwake unakula biskuti.

Nitakwambia wazi kwa kuwa kuficha sijui. Nina wivu. Nilikuwa na sauti kabla yako. Kwenye mashindano ya bonde zima jaji alisimama kitini nilipoimba. Ulipoimba wewe alikuwa anatafuta miwani yake. Lakini kifua cha Baba kilitaka mtu wa kukaa nacho, na mkubwa ni mimi. Nikakaa. Ukaondoka na sanduku la Mama, na kamba yake nilikufungia mimi kwa mikono hii, na nilipokuwa nakaza fundo nilijiambia: haya, yeye amepata London, mimi nimepata Kisima. Tumegawana. Sasa unarudi kuchungulia kabatini kuona nini kimebaki?

Wimbo unao. Imba Kuku wa Sioned. Huyo kuku London hawajawahi kumsikia, nakuapia.

Dada yako,
Eluned


London, 18 Oktoba 1961

Dada Eluned,

Salamu. U mzima? Nimeuliza.

Kuku! Nisimame mbele ya watu ambao nyimbo zao zinapigwa redioni, niwapigie mabawa na kutetea? Nafasi ni ya binti anayeliliwa na nahodha, Eluned, si ya kichekesho cha kijiji. Au ndicho unachotaka, nichekwe nirudi?

Unaongea habari za wivu kana kwamba uliuzaa wewe. Nilipewa Kuku nikiwa na miaka sita kwa sababu sikuweza kutulia kitini, na tangu siku hiyo hakuna aliyefikiri kwamba nimekua. Kila siku ya Mwaka Mpya ni yaleyale. Wewe unaimba, kina mama wanatoa vitambaa, Baba anatazama dirishani. Halafu Mjomba Ifor anajipangusa macho na kusema, "Haya, leteni kuku tupumue." Hujui inavyokuwa kusimama baada yako. Nimekuonea wivu tangu sijaota meno ya mbele, tofauti yetu ni kwamba mimi sikuwa na wa kumwambia.

Na huo wimbo wenyewe unaufanyia nini? Mara moja kwa mwaka, sebuleni, kwa wajomba na majirani na sahani ya keki za zabibu. Wimbo kama ule unaota ukungu humo. Kama hutaki kunipa sema hutaki, usijifiche nyuma ya bibi aliyekufa.

Nikikosa nafasi hii sina ujanja tena, nitarudi kuuza nyuzi na vifungo dukani kwa Bi Blodwen, na utakuwa na mimi hapo sebuleni kila jioni ya Mungu. Litafakari hilo.

Mdogo wako,
Nesta


Cwmelyn, 30 Oktoba 1961

Nesta,

Baba hajambo kiasi. Nami vilevile.

Barua yako niliisoma kwa sauti jikoni kama ninavyomsomea zote, nikiruka panapostahili kurukwa. Safari hii hasira ilinifanya nisahau kuruka. Baba akasikiliza mpaka mwisho, akakohoa, akasema, "Mpe mtoto." Basi, hayo tu. Kila jioni namvua viatu mtu huyu, na sijawahi kumsikia akisema, "Mpe Eluned."

Haya, nimekunakilia. Karatasi imo humu, beti zote tatu, na sehemu ya mpiga piano chini yake, kwa mwandiko safi. Doh ni G, kama alivyoimba Mama, kama ninavyoimba mimi. Usiharakishe pale Non anapoinama kisimani.

Usiniandikie kunishukuru.

Dada yako,
Eluned


London, 8 Novemba 1961

Eluned,

Natumai Baba hajambo. Wewe najua u mzima, roho mbaya haiugui.

Jana nilikwenda. Nilingoja nyuma ya pazia, na walionitangulia watatu waliimba wimbo mmoja, uleule, kama Pargeter alivyotabiri. Wa tatu alipoanza nilisikia mtu huko gizani akivuta pumzi ndefu. Nikatabasamu. Nilikuwa na Kisima mkobani, nani angeniweza?

Wakaniita. Pale jukwaani kuna taa inakupiga usoni na mbele yako ni giza tupu. Humwoni mtu, unasikia tu karatasi ya peremende inafunguliwa. Nikampa mpiga piano karatasi yako. Ni mzee mwembamba anaitwa Fred, sigara ameipachika sikioni. Akaitazama. Akaigeuza juu chini. Akaniuliza, "Mwanangu, hii ni nini? Hesabu ya muuza nyama?"

Ndipo nikaona. Herufi na nukta na vistari. Nota za do-re-mi! Nota za kanisani kwetu Seion, ulizoziandika vizuri kabisa, na ambazo mpiga piano wa London hajawahi kuziona tangu azaliwe.

"Huna za mistari?" akaniuliza.

"Sina."

"Basi mimi na wewe hatuna la kufanya." Akakunja mikono.

Kukatoka sauti ya mwanamke huko gizani: "Kuna nini, Fred?"

"Binti katuletea daftari la hesabu."

Wakacheka. Nikasema naweza kuimba bila piano, maana nyumbani nani amewahi kungoja piano? Lakini woga ulinipandisha. Niliitafuta G kichwani nikaikosa, nikaanzia juu yake, na hata hiyo G yenyewe ni ya koo lako, si langu. Ubeti wa kwanza ulipita kwa kuchechemea. Nikafika pale anapomwombea mtoto wake maji, pale sauti inapopanda na kukaa juu, na yangu ikakatika. Haikupasuka kwa heshima hata, ilikatika kama uzi mbovu. Nikasikia, "Asante sana." Asante ile huijui wewe. Asante ile ni mlango.

Nikaiokota karatasi kwa hasira, si juu yao, juu yako. Nikasema, nadhani nilikuwa namwambia Fred, "Ningekuwa na huyo kuku wa Sioned kweli, ningempelekea dada yangu amdonoe macho."

"Kuku wa nani?" yule mwanamke akauliza.

"Wa Sioned. Yumo kwenye wimbo. Anakataa kumtagia mchungaji."

Akasema: "Tuimbie huyo."

Nilimwimba na hasira zangu zote, kwa lugha yetu, hawakuelewa hata neno. Sikumtafutia sauti nzuri. Nilimwimba kama ninavyomwimba jikoni, beti saba, kila ubeti mbio kuliko uliotangulia, na milio yake yote. Ubeti wa tatu Fred alishusha mikono na kunifuata kwa vidole viwili. Wa tano giza zima lilikuwa linacheka, na safari hii walikuwa wananicheka ninapotaka mimi.

Nimepata kazi. Si binti wa mwenye nyumba, huyo wamempa msichana mwenye shingo ndefu. Mimi ni Tabitha, mfanyakazi wa jikoni, wimbo mmoja na kipande. Lakini nimepata, na si kwa msaada wako.

Kila Jumapili unapiga kinanda kanisani kwa nota za mistari. Unazisoma, unaziandika, kwaya nzima inakutegemea wewe. Ulijua. Kikulacho ki nguoni mwako, nilikuwa nausikia tu msemo huo.

Nesta


Cwmelyn, 20 Novemba 1961

Mdogo wangu Nesta,

Baba anakusalimu sana. Habari yako ilimfurahisha hata akapanda kwa njiwa kuwaambia, akashushwa na Mjomba Ifor kwa kushikwa kwapani. Leo anapumua vizuri kidogo. Mimi, unavyosema, siugui.

Umeniuliza kama nilijua. Hukuniuliza, umenihukumu, lakini nitakujibu. Nilianza kwa nota za mistari, kama inavyotakiwa. Nikachora mistari mitano, nikaandika ubeti mzima. Halafu nikauona ule wimbo umelala juu ya piano ya mtu nisiyemjua, na yeyote apitaye, akiwa anajua kusoma tu, anaweza kufungua kinywa akauimba. Wimbo wa Mama. Karatasi ile niliitia motoni. Nikachukua nyingine nikaandika do-re-mi, nikajiambia ni kwa kuwa ndiyo uliyoizoea. Mkono ulijua unachofanya, mimi nikatazama pembeni.

Lakini na wewe, bibie! Karatasi ulikaa nayo wiki nzima. Uliifanyia mazoezi. Hukuona? Hukuona kwa sababu do-re-mi unaisoma kama unavyokula mkate, hujiulizi umeokwa wapi. Ulifunga sanduku ukaenda London, macho ukayasahau kwenye benchi la Seion. Hilo lilinichekesha peke yangu jikoni, na lilinifurahisha zaidi ya inavyonipasa.

Sasa niambie kitu kimoja, maana kinaninyima usingizi. Walisema asante hata kabla ya ubeti wa pili kwisha? Kwa Kisima? Wimbo unaowaliza kina mama kila Mwaka Mpya umefukuzwa London kama muuza samaki, na mimi mwenyewe sikuwepo kuutetea. Wangeusikia kwangu wasingesema asante, wangesahau hata kusema. Najua, ni maneno ya mwenye wivu. Nina mengine. Namwonea wivu huyo Fred na vidole vyake viwili, mimi niliyekupigia Kuku tangu hujui kufunga viatu. Nalionea wivu hata hilo giza lililocheka.

Na tangu nikutumie ile karatasi siwezi kukiimba Kisima. Nilijaribu nikifua, nikakwama palepale ulipokwama wewe. Nikajaribu tena kanisani watu walipokwisha kutoka, nikakwama tena.

Nirudishie karatasi yangu.

Dada yako,
Eluned


London, 11 Desemba 1961

Dada,

Karatasi yako hii hapa. Ni nzima, ila pembeni mtu aliiwekea kikombe, si mimi. Afya yangu njema. Soksi zilizomo ni za Baba, avae zote mbilimbili.

Mwaka Mpya sitakuja. Mazoezi ni kila siku hata Jumapili, na atakayekosa nafasi yake inachukuliwa. Itakuwa mara yangu ya kwanza kutokuwepo, na sipendi kuandika sentensi hii.

Kuna jambo lingine, heri ulisikie kwangu. Mtunzi wa mchezo amempenda Kuku. Ameingizwa sehemu ya pili, naimba nikimenya viazi. Maneno wameyatia Kiingereza, milio imebaki ya kwetu. Gazeti moja limeshaandika, nimekukatia kipande. Waliponiuliza ule wimbo ni wa nani nilisema wangu. Nilishangaa jinsi nilivyolisema bila kuona haya.

Tunafungua tarehe 16 Februari. Kuna kiti chenye jina lako. Ukija utakaa, usipokuja nitajua.

Mkae salama siku ya Mwaka Mpya. Zamu yangu ikifika, nirukeni.

Mdogo wako,
Nesta


Cwmelyn, 2 Januari 1962

Mdogo wangu Nesta,

Mwaka mpya na uwe na afya, wewe na miguu yako. Baba amevaa soksi mbilimbili na anaringa nazo. Kifua chake jana kilifanya kazi kubwa, leo amelala mpaka saa nne na nimemwacha. Mimi sijambo, na safari hii sikujibu kwa adabu tu.

Nikueleze ya jana, maana utayasikia kwa Bi Blodwen, na ukiyasikia kwake utayasikia vibaya.

Walikuja wote baada ya chakula cha mchana, na wengine ambao huwa hawaji. Kile kipande cha gazeti Baba alikipeleka dukani kwa Bi Blodwen kwa miguu yake, kikabandikwa ukutani juu ya vifungo, basi bonde zima linajua kwamba Kuku wa Sioned ameingia London. Walikula keki, wakanywa chai, macho yao yote kwangu. Mjomba Ifor akaimba mlevi wake. Lango limemshinda kufungua mwaka huu pia.

Akaketi. Baada yake ni mimi, na baada yangu ni wewe. Lakini kabla sijainuka Bi Blodwen akapaza sauti. "Mwaka huu tumewaandalia kitu. Dilys wangu kajifunza Kuku mzima, na mabawa yake. Dilys, simama mama."

Na yule binti alikuwa tayari amesimama, aproni ameikamata pande zote mbili, amekunja viwiko. Si mtoto mbaya. Anakuona wewe kama malkia.

Nikaweka chini birika. "Dilys, kaa."

"Lakini dada Eluned, nina hadi ule ubeti wa mchungaji na ndoo."

"Najua, mwanangu. Kaa ule keki. Mwenye wimbo yu hai."

Bi Blodwen akacheka kile kicheko chake cha kupima kitambaa. "Hebu, Eluned, usitufanyie ugumu. Asiyekuwepo na lake halipo. Na isitoshe, si ndiye huyo uliyegombana naye hadi mleta barua anajua?"

"Ndiye," nikamwambia. "Na lake lipo. Nimelikalia mimi."

Nilijiona jinsi nilivyosimama pale, nimetoa kifua, birika linatoa moshi pembeni yangu, nikajua ni wivu uleule. Nilidhani nimeuweka kwa ajili ya Kisima peke yake, kumbe una nafasi ya Kuku pia. Kama ningemwachia Dilys, jana hiyohiyo ungekuwa mtu aliyewahi kuishi hapa.

"Basi tumruke," akasema Mjomba Ifor, "mwenyewe si alisema tumruke."

"Haturuki mtu."

Nikaenda kwenye kinanda. Nikapiga utangulizi wa Kuku, mwendo wako, ule wa kuanza kama mtu hana haraka. Nikaingia ubeti wa kwanza, nikakupigia wote, na hakuna aliyeimba. Walidhani nimerukwa na akili, nilisikia viti vikilia. Ubeti wa pili, pale pa mlio, kikasikika kijiko mezani. Ni Baba. Aligonga mara moja tu, mahali pake hasa. Wa tatu akagonga mara mbili, wa nne mara tatu, hakukosea hata kimoja. Sikujua kwamba anakujua namna hiyo. Ubeti wa sita mabega ya Mjomba Ifor yalikuwa yanatikisika, na Dilys ameziba mdomo kwa aproni. Wa saba niliupeleka mbio kama unavyoupeleka wewe ukitaka kuniponza vidole, na Baba akagonga mpaka kicheko na kikohozi vikamshika pamoja, tukampiga mgongoni wanne.

Halafu wakakupigia makofi. Kiti chako kitupu, na wakakipigia makofi. Ukiwepo hujawahi kupata mengi kiasi kile, samahani kusema. Mwambie Fred nilikupigia kwa vidole vyote kumi.

Baada ya hapo nikaimba Kisima. Niliimba baada yako, kwa mara ya kwanza maishani, na ni kweli, ni kazi ngumu. Lakini sikukwama. Baba alitazama dirishani kama kawaida yake.

Sasa sikiliza vizuri. Kisima ni changu mpaka nife, nakwambia hivyo kwa mapenzi yote. Usikiazime wala usikiombe. Lakini leo asubuhi nimekiandika upya kwa nota za mistari, nota ambazo hata Fred atazisoma, na nimekiweka kabatini chini ya mashuka ya Mama, juu nimeandika jina lako. Siku ukisikia nimezikwa, njoo uchukue, ukiimbe hata jioni hiyohiyo. Na usikiimbe kwa G. Sauti yako ni ya F, chini kidogo. Nililijua hilo tangu mwanzo, sikukwambia, na sasa nimekiandika kwa F.

Februari nitakuja. Mjomba Ifor atakaa na Baba. Nitavaa kofia ya kijani. Usitegemee nikupigie makofi ukianza tu, nitangoja kwanza nisikie hiyo milio kama hamjaiharibu. Na hicho kiti chenye jina langu, kama hakipo mbele, kibadilishe. Nataka kiti cha karibu na piano, Fred anione.

Dada yako mwenye wivu,
Eluned